Nusu ya Pili ya Maneno ya Baba

Juzi umeme ulikatika ofisini. Mlinzi akawasha jenereta, na harufu ya petroli ikaingia dirishani pamoja na moshi wake wa kwanza. Wakati huo nilikuwa nasoma kazi ya kijana mmoja tuliyemwajiri karibuni, programu fupi tu ya kuamua mteja ajibiwe nini. Alikuwa ameandika: kama mteja amethibitisha, mtumie ujumbe wa kumkaribisha. Mwisho. Asipothibitisha je? Kimya. Nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Na asipokuja?"

"Nani asipokuja, dada?" kijana akauliza.

Ningeanza kumjibu ningelazimika kumpeleka mpaka kijijini kwetu Titye, kwenye chumba kilichonuka petroli na mahindi, na kazi za watu zingelala.

Lakini ninyi wa rika langu, mliosoma shule za kata enzi zile, nitawaeleza, maana adha yake mnaijua. Kompyuta zetu zilikuwa za msaada. Zilifika zikiwa zimezeeka tayari, zikawekwa kwenye stoo ya mahindi ya shule, zikafunikwa vitenge kama wagonjwa, na nyingi hazikuwahi kuwaka. Umeme haukuwepo. Jenereta iliwaka pale tu mafuta yalipopatikana, na yakipatikana mkuu wa shule alikuwa na mitihani yake ya kuchapa. Kwa hiyo sisi tulijifunza kompyuta kwa chaki. Msicheke. Nilijua kuandika programu miaka kabla sijagusa kitufe hata kimoja.

Mwalimu wetu aliitwa Sefu, mtoto wa muuza vitambaa wa Kasulu mjini, watu ambao asili yao ni Tanga. Alikuwa amemaliza chuo na anajitolea huku akisubiri ajira. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, uvumilivu wake ulikuwa mfupi. Alitaka uandike maelekezo yako kwenye karatasi kwa maneno matatu aliyotupa: kama, basi, vinginevyo. Halafu anamsimamisha mwanafunzi mmoja mbele ya darasa. Huyo ndiye kompyuta. Kompyuta inafanya kilichoandikwa tu. Haifikirii, haihurumii, haikisii ulichokuwa nacho moyoni. Karatasi yako ikipita, siku jenereta ikiwaka unaketi mbele ya mashine na kuichapa mwenyewe. Hicho ndicho nilichokitaka kuliko kitu kingine chochote duniani, na karatasi zangu zilikuwa hazipiti.

Zoezi la kwanza lilikuwa la alama za mtihani. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: kama alama ni zaidi ya arobaini, basi sema "Amefaulu." Kompyuta siku hiyo alikuwa Bahati, mvulana mrefu wa viti vya nyuma aliyechukulia kila kitu mchezo. Mwalimu akasema sitini. Bahati akapaza sauti, "Amefaulu!" Mwalimu akasema thelathini. Bahati akaangalia paa.

"Huyu wa thelathini amekwenda wapi?" Mwalimu Sefu akaniuliza.

"Amekwenda kulima, mwalimu," mtu akajibu kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Yeye hakucheka. "Umemwacha mtoto wa watu hewani. Hajafaulu, hajafeli, hayupo. Hata kumwambia mtu amefeli ni kumheshimu. Na wa arobaini kamili? Zaidi ya arobaini siyo arobaini. Huyo naye yuko wapi?"

Huyo wa arobaini kamili sikuwa nimemfikiria kabisa. Nilirudi kwenye dawati na hasira za kupasua karatasi, lakini tangu siku hiyo masikio yangu yaliharibika. Sikuweza tena kusikia mtu akisema "kama" bila kungoja nusu iliyobaki. Mhubiri akisema kama mkitubu mtaokoka, nangoja. Mama akisema ukimaliza vyombo utakwenda kucheza, nangoja. Nilikuwa mtoto wa kero, nakiri, ila na wao walikuwa watu wa kero. Hakuna aliyekuwa anamalizia.

Kiangazi kile shangazi yangu Yusta, dada yake Baba, alirudi nyumbani kutoka Kitanga alikokuwa ameolewa. Alikuja na fungu la nguo na jicho moja jekundu. Hakuulizwa kitu na hakusema kitu. Akapewa nusu ya kitanda changu, na usiku alilala amejikunja ukutani utadhani anaogopa kunichukulia nafasi.

Kwetu mke akirudi kwao namna hiyo, kaka zake hawaendi kugombana na mtu. Wanakaa. Wanamngoja mume aje na pombe, aketi, anywe nao, asemwe kidogo, aombe radhi kidogo, amchukue mkewe. Baba mkubwa, kaka yao mkubwa, akapanda kutoka Kasulu kuja kulizungumza. Mimi nilikuwa napitisha maji ya kunawa nilipomsikia Baba akisema, "Kama mumewe akija na pombe, tutakaa, tutakunywa, na Yusta atarudi kwake." Wakati huohuo Mama akaniita kutoka jikoni nikimbie kwa jirani kuomba chumvi. Niliporudi, wazee walikuwa wanazungumzia mchwa waliokula nguzo za nyumba ya Baba mkubwa.

Mimi sikuwa na shaka hata chembe kwamba nusu ya pili ilisemwa nilipokuwa kwenye chumvi. Ingekuwaje isisemwe? Walikuwa watu wazima wawili, mmoja mzee wa kanisa. Niliona tu kwamba nina bahati mbaya, kwamba nimekosa sehemu yenye maana kwa sababu ya chumvi ya Mama.

Nisiwaweke roho juu: mume hakuja. Msimu ukapita, hakuja. Shangazi alilima na Mama, akachota maji, akapika, akamwogesha mdogo wangu, na akapanda maharage na mchicha kando ya nyumba. Alikuwa na utani wake wa chinichini. Jogoo wetu akiwika mchana alimwambia, "Ego, ndiyo, tumesikia, hata wewe hujui saa." Lakini pikipiki ikisikika barabarani mikono yake ilisimama, mpaka ipite.

Kisha Mwalimu Sefu akatuagiza tulete sharti kutoka nyumbani, jambo la kweli ambalo watu wa kwetu wanalifuata. Wenzangu walileta mbuzi na mvua. Mimi nikaandika: kama mume wa mwanamke fulani akija na pombe, basi mwanamke arudi kwake. Nikaishia hapo, kwa kuwa ndiyo nusu niliyokuwa nayo. Nilifikiri labda safari hii nusu ingetosha.

Kompyuta alikuwa Bahati tena. Akasimama mbele.

"Mume amekuja?" Mwalimu akauliza.

"Bado, mwalimu."

"Basi fanya inavyosema karatasi."

Bahati akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Haisemi kitu."

"Basi simama."

Akasimama. Mwanzoni darasa lilicheka. Bahati alijitia kuweka mkono kiunoni kama mwanamke, akachungulia mlangoni, akashusha pumzi. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, na Mwalimu akaendelea na karatasi za wengine, na Bahati akaendelea kusimama. Akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule. Hakuruhusiwa kuketi kwa sababu karatasi haikusema aketi, wala kwenda nje. "Mwalimu, nimechoka," akasema mwishowe, bila utani safari hii. "Mwambie aliyekuandika," Mwalimu akamjibu. Kengele ilipolia bado alikuwa amesimama pale, na mimi nilikuwa nimeinamisha uso kwenye dawati, kwa sababu kila mtu Titye alijua mwanamke fulani ni nani.

"Kwanza hujasema mpaka lini," Mwalimu aliniambia wenzangu walipotoka. "Pili, vinginevyo iko wapi? Nenda kamuulize aliyekupa sharti hili. Usiniletee nusu."

Basi nikaanza kuitafuta. Nilianza na Baba, alikuwa ananoa panga.

"Baba, mume wa Shangazi asipokuja?"

"Atakuja."

"Lakini asipokuja?"

"Si nimesema atakuja?"

Jamani! Hebu niambieni mtu ufanye nini na jibu la aina hiyo. Nilitaka kumwambia kwamba hilo siyo jibu, ni sharti lilelile limevaa shati jingine, lakini panga lilikuwa mkononi mwake na mimi nilikuwa na akili timamu.

Nikamfuata Shangazi, alikuwa anaosha miguu nyuma ya nyumba. "Shangazi, siku ile wazee walipokaa, walisema itakuwaje mume asipokuja?"

Aliacha kusugua mguu. "Kwani wewe hukusikia? Si ulikuwa unapeleka maji?"

"Mama alinituma chumvi."

"Ah," akasema. "Na mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa najipa moyo kwamba wewe ulisikia."

Akaendelea kusugua kisigino kwa jiwe. Mimi nilibaki na ndoo mkononi, na kwa mara ya kwanza niliogopa kidogo. Kumbe hata mwenye maisha yake hakuwa nayo hiyo nusu.

Aliyenifungua macho ni Mama. Tulikuwa tunamenya mihogo ya kuvundika, wawili peke yetu, nami nikamlalamikia kwamba Baba amesahau nusu ya maneno yake na hataki kukumbushwa. Mama aliweka kisu chini.

"Baba yako hajasahau kitu, mwana wanje. Lile neno lako akilitamka, atabidi akate shamba."

"Shamba gani?"

"Shangazi yako akiwa anamngoja mumewe, ni mgeni. Mgeni anapewa chakula na mahali pa kulala. Hujaona anapanda maharage tu? Maharage yanakuja na kuondoka. Umeona amepanda mgomba? Mgomba unapandwa na mwenye pale. Sasa ikisemwa kwamba hangoji tena, maana yake amerudi kwa baba yake, na babu yako aliliacha lile la bondeni kwa watoto wake, hakusema wa kiume tu. Baba yako analiweka kwa ajili ya kaka zako." Akachukua kisu tena. "Na mimi ni mama wa hao kaka zako, kwa hiyo usiniulize zaidi."

Nilikasirika mpaka nikajikata kidole. Muda wote ule nilikuwa nimemwona Baba kama mwanafunzi mvivu aliyesahau kumalizia zoezi, kumbe yeye alikuwa amelikokotoa lote mpaka mwisho. Aliona jibu, hakulipenda, akaliacha wazi. Na kwa kuwa aliliacha wazi hakuna mtu angeweza kumshika na kosa. Hakumfukuza dada yake. Hakumnyima kitu. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu mwema. Dada yake ndiye aliyesimama mbele ya darasa akihamisha uzito mguu huu na ule.

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, wanaume wengi wa kwetu walikwenda Kibondo kutafuta kibarua cha kukata miti na kujenga. Baba mkubwa alikuja na habari: mume wa Shangazi ameonekana huko. Ana kazi, ana chumba, na ndani ya chumba kuna mwanamke. Aliisema baada ya kula, akichokoa meno, na Baba akaitikia "Mh," akaangalia mlango, akasema, "Basi tusubiri tuone."

Tusubiri tuone! Nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa, nikaligeuza kwa hasira mpaka maji yakamwagika kwenye kiatu cha Baba mkubwa. Yeye alikuwa mtu wa masihara, labda alitaka kubadilisha hewa. Akaniambia, "Taratibu, msomi. Nasikia mnafundishwa kompyuta. Hebu tueleze, inasemaje hiyo kompyuta?"

Nikamweleza. Kuna kama, kuna basi, kuna vinginevyo. Usipoweka ya mwisho, mtu anabaki hewani.

"Toa mfano."

Ningeweza kutoa wa alama za mtihani. Ningeweza kutoa wa mbuzi. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na mmoja tu, na nikautoa kama nilivyouandika, neno kwa neno, kisha nikasema, "Mwalimu anauliza vinginevyo iko wapi."

Baba alisema bila kunitazama, "Weka birika. Toka."

"Kaka." Shangazi alikuwa mlangoni, na bakuli la maharage tuliyokuwa tumewaandalia kuongeza. "Mtoto ameuliza."

"Ameuliza ya wakubwa."

"Haya, mimi ni mkubwa. Nauliza hilohilo."

"Yusta." Baba alishusha sauti, ile sauti yake ya kanisani. "Wewe ni mgeni wetu. Umekosa nini hapa? Kuna siku umelala njaa?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Shangazi akasema. "Mimi jembe mlinipa siku ileile, hata hiyo ya tatu hamkuingoja. Nimelima msimu mzima, kaka. Nalima la nani?"

Baba mkubwa akaanza kukohoa, na sijui kama kilikuwa kikohozi. Shangazi aliweka bakuli mezani polepole, akakaa kwenye kigoda palepale, mbele ya wanaume, mikono magotini. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Baba alimtazama, akamtazama kaka yake apate msaada, msaada haukuja.

"Mvua ikinyesha," akasema mwishowe, "tutaangalia."

Nilitoka nje nikakaa juu ya kinu na kulia kwa hasira. Isiponyesha je? Na ikinyesha mtaangalia nini? Miezi yote ile, aibu yote ile mbele ya Bahati, na mtu anaongeza sharti juu ya sharti! Nilichukua daftari langu la kompyuta, nikaandika maneno ya Baba kama yalivyo nimpelekee Mwalimu Sefu, angalau naye akasirike pamoja na mimi. Lakini Jumatatu stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mwalimu alikuwa amepata ajira na mashirika kambini Nduta, ameondoka na begi lake siku moja kabla. Hatukupata mwingine. Kompyuta zikarudia kulinda mahindi, na mimi sikuketi mbele ya kompyuta hata mara moja mpaka nilipofika chuo.

Mvua ilinyesha. Ilianza alfajiri, ikapiga bati mpaka jua lilipochomoza, ikaacha udongo mwekundu umelainika. Wote tulikunywa uji na Baba akaangalia nje, akaangalia kikombe chake, akasema anakwenda kwa fundi baiskeli. Ndiko kuangalia kwenyewe huko.

Shangazi alingoja mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akachukua jembe na panga, akaenda kwenye migomba ya Mama nyuma ya jiko. Alisimama pale bila kugusa kitu. Mama alitoka na ufagio mkononi, wakatazamana. Nilifikiri sasa patachimbika. Mama alifagia kidogo pale alipokuwa amesimama, mahali palipokuwa safi tayari.

"Huo wa kushoto ndio wenye machipukizi mazuri," akasema, akarudi ndani.

Nilibeba machipukizi kichwani, maji yake yakanichuruzika shingoni, tukashuka bondeni, kwenye lile shamba la Babu. Shangazi alichimba bila kupumzika. Alichimba shimo, akapanda, akakanyagia udongo kwa mguu, akahamia jingine, karibukaribu, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajakatazwa. Watu waliopita njiani walisalimia, "Mwakeye," wakatazama kilichokuwa shimoni, wakakaza mwendo. Sijui kama kulikuwa na mtu Titye nzima ambaye asubuhi ile hakujua Yusta anapanda migomba kwa baba yake.

Kwa hiyo Baba alikuja. Nilimwona akishuka kwenye ukingo, mikono nyuma, suruali amekunja. Kung'oa chipukizi lililopandwa sasa hivi ni kazi ya mkono mmoja. Shangazi alimwona pia, akaendelea kuchimba. Baba akasimama juu ya shimo la kwanza, akalitazama, akatazama la pili, akatazama mstari wote.

"Yusta."

"Ego, kaka."

"Umebananisha. Mgomba ukishazaa unataka nafasi. Hii itauana yenyewe kwa yenyewe."

Shangazi akainuka, akaegemea mpini wa jembe. Uso wake ulikuwa umejaa matope na sikuweza kuusoma. Baba akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe, akaingia shambani. Akapiga hatua zake ndefu, akasimama, akakandamiza kisigino kwenye udongo laini. "Hapa," akasema. Akapiga hatua tena. "Na hapa." Hakugeuka kututazama. Alikwenda akiweka alama za kisigino, akapita pale Shangazi alipoishia, akapita katikati ya bonde, na nilikuwa nangoja asimame, lakini hakusimama mpaka alipofika kwenye mpaka wa jirani, shamba linapoishia.

Shangazi alipiga magoti, akang'oa chipukizi lake la kwanza taratibu na udongo wake, akalihamishia kwenye alama. Akalikanyagia vizuri. Kisha akaanza kutazama alama zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho alipokuwa Baba, akafuta uso kwa mkono na kuzidi kujipaka matope.

"Kimbia kwa mama yako," akaniambia. "Mwambie machipukizi haya hayatoshi."